Lala Bondeni, Panda Kilimani: Kuizuru Miji ya Umbria kwa Treni

Umbria ni jimbo la katikati ya Italia lisilo na bahari hata shubiri moja. Watu wake wa kale walijenga miji yao juu ya vilima kwa sababu ambazo yeyote aliyekulia karibu na ngome huzifahamu: anayekaa juu humwona adui angali mbali, na mabonde ya zama hizo yalikuwa na maji yaliyotuama, na maji yaliyotuama huleta homa. Zikapita karne nyingi, miji ikabaki huko huko juu. Reli ilipofika, mnamo mwaka 1866, haikuweza kuifuata, kwani treni haipendi mwinuko. Ilipita bondeni, mahali tambarare. Kwa hivyo mpaka leo mgeni hushuka katika stesheni yenye jina la mji, akainua macho, akauona mji wenyewe umeng'ang'ania ubavu wa kilima, mbali na pale aliposimama. Sisi wa Mombasa hatuoni ajabu. Tangu mwaka 2017 tunayo stesheni yenye jina la mji wetu, nayo iko Miritini.

Wageni huikabili hali hiyo kwa njia mbili zilizozoeleka. Wenye uwezo hukodi gari, kisha hugundua kwamba vichochoro vya miji hiyo vimewekewa mipaka iitwayo ZTL, ambayo gari la mgeni haliruhusiwi kuivuka, na kamera humpiga picha asiyejua; faini humfuata hadi nyumbani kwake baada ya miezi. Wengine huhama: leo walale Assisi, kesho Perugia, keshokutwa Spoleto, kila asubuhi wakifunga masanduku na kila alasiri wakiyapandisha ngazi za mawe. Kwa kijana mwenye mkoba mmoja mgongoni, hayo ni mchezo. Kwa familia yenye mzee au mtoto mchanga, ni adhabu iliyolipiwa.

Iko njia ya tatu, nayo ndiyo ninayotaka kuieleza kwa wasomaji wa jarida hili, kwa kuwa wengi wao husafiri jinsi tusafirivyo sisi, yaani jamaa nzima na mzee wao. Njia hiyo ni kuchagua mji mmoja wa bondeni, wenye stesheni inayogawa reli, ukapanga nyumba humo kwa muda wote wa ziara, ukawa unatoka asubuhi na kurudi jioni. Sisi tulikaa hivyo usiku tisa mwezi wa Oktoba. Kilichotupeleka ni binti yetu, aliyekuwa akisoma lugha katika Chuo Kikuu cha Wageni cha Perugia. Tulikuwa mimi, mama watoto, na dada yangu mkubwa, ambaye amepita miaka 70 na magoti yake yamechoka kabla ya moyo wake. Jamaa kadhaa walimwambia kwa nia njema kwamba nchi ya vilima si yake, na kwamba akienda atashinda chumbani akitazama dari. Naye akawajibu kuwa dari ya kwake keshaitazama vya kutosha. Basi nilichokihofia si viza wala nauli. Ni kuwa jamaa wale wasije wakasadikika.

Mji tuliouchagua unaitwa Foligno. Vitabu vya watalii huupitia kwa mstari mmoja au miwili, na sababu yake ni kwamba Foligno haukujengwa kilimani. Umekaa bondeni kando ya mto Topino, na hapo ndipo reli itokayo Roma kwenda Ancona inapokutana na ile iendayo Assisi na Perugia hadi Terontola. Kwa ajili ya reli hiyo mji ulipigwa mabomu katika Vita vya Pili vya Dunia, na kwa ajili ya reli hiyo hiyo una karakana kubwa ya kutengeneza treni. Wenye kupenda vitabu watafurahi kujua kwamba tarehe 11 Aprili 1472, katika mji huu, mpiga chapa wa Kijerumani aitwaye Johann Numeister alitoa chapa ya kwanza kabisa ya utenzi mkubwa wa Dante. Ndani ya utenzi huo mna maneno juu ya Mtume wetu, rehema na amani zimshukie, ambayo Muislamu hawezi kuyaridhia. Hapa si mahali pa kuyajibu, lakini si vyema kuusifu mji kwa kitabu hicho nikanyamaza.

Uzuri wa Foligno kwa mgeni wa aina yetu ni kuwa unaishi. Katika baadhi ya miji ya vilimani, duka la chini la kila nyumba huuza vikombe vyenye picha ya mji, na anayetafuta kitunguu au sindano hutembea mpaka achoke. Hali hiyo wakazi wa Lamu na wa Mji wa Kale wa Mombasa wanaifahamu, maana nasi tumeanza kuionja. Foligno una wauza mboga, mafundi viatu, watoto wa skuli na wazee wanaogombana kwa upole. Jioni watu wote hutoka kwenda na kurudi katika barabara moja, bila haja wala haraka, wakisalimiana. Wenyewe huiita passeggiata. Dada yangu alisema kilichokosekana ni mihogo ya kuchoma na bahari ya Mama Ngina, mengine yote yapo. Barabara ni tambarare. Kila jioni alitembea nasi.

Kituo kimoja kina manufaa mengine ambayo msafiri wa Kenya huanza kuyaona tangu kwenye fomu. Viza ya Schengen hudai uthibitisho wa mahali utakapolala kila usiku, pamoja na bima ya safari isiyopungua euro 30,000. Mwenye anwani moja hutoa karatasi moja. Nchini Italia kila mwenye nyumba ya wageni hulazimika kuandikisha pasipoti za wageni wake kwa polisi, na miji mingi hutoza ushuru mdogo kwa kila usiku. Kwetu hayo yalimalizika siku ya kwanza. Na lililo kubwa kuliko yote ni jiko, nami nitalirejea.

Sala ya mwenye kukaa

Hapa pana mas'ala ambayo msomaji atataka kuyajua kabla ya bei ya tikiti. Kwa madhehebu ya Imam Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu pwani, msafiri anayenuia kukaa mahali siku nne kamili, pasi na kuhesabu siku ya kuingia na siku ya kutoka, safari yake hukatika pale anapowasili. Huwa mukimu, na husali kwa kutimiza. Usiku wetu tisa ulitutoa katika rukhsa ya kupunguza na kukusanya tangu siku ya kwanza. Wala matembezi ya kutwa kwenda mji ulio umbali wa kilomita 20 au 40 hayairudishi rukhsa hiyo, kwa kuwa hayafiki marhala mbili, ambazo wanazuoni wengi wa zama hizi huzikadiria kuwa baina ya kilomita 80 na 90. Anayehama kila baada ya siku mbili ana wepesi wa Sala asioupata anayekaa. Hiyo ndiyo gharama ya kituo kimoja, na ni bora ijulikane mapema kuliko kuuliziwa fatwa kwa simu kutoka jukwaa la treni.

Lakini gharama hiyo ina fidia. Mwenye kukaa huijua kibla ya chumba chake, ambayo kutoka Umbria ni kusini mashariki, na hujua maji yako wapi. Mwezi wa Oktoba Adhuhuri huingia karibu na saa saba mchana, Alasiri karibu na saa kumi, na Magharibi karibu na saa kumi na mbili na nusu, mpaka Jumapili ya mwisho ya mwezi, ambapo saa zote za nchi hurudishwa nyuma kwa saa moja. Ratiba yetu ikajipanga yenyewe: kutoka baada ya chai, Adhuhuri kuisali huko huko juu katika bustani au pembe ya uwanja usio na watu, na kurudi nyumbani kwa Alasiri. Viwanja vingi vina bomba la maji safi ya kunywa, na udhu hauna taabu. Anayekwenda Juni ajue kwamba jua la huko huchwa karibu na saa tatu usiku, na Isha humkuta mzee keshalala.

Kuisoma stesheni

Treni za mkoa, zinazosimama kila mji, hazihitaji kuagiziwa nafasi. Bei yake hufuata umbali, haipandi kwa kuchelewa kununua, na tikiti haina kiti maalumu. Tikiti ya karatasi ni lazima igongwe muhuri katika mashine ndogo iliyo jukwaani kabla ya kupanda, na ile ya simu ni lazima ithibitishwe kabla ya safari kuanza. Asiyefanya hivyo huhesabiwa kama aliyepanda bure, na mkaguzi hana sikio la udhuru. Ukutani hutundikwa karatasi mbili kubwa. Ya manjano ni ya treni zinazoondoka, nyeupe ni ya zinazowasili, na wageni wengi hupoteza asubuhi yao kwa kuisoma nyeupe. Neno binario ni namba ya reli utakayopandia. Nyundo mbili zilizopishana ni alama ya siku za kazi, ikiwemo Jumamosi. Msalaba ni alama ya Jumapili na sikukuu, siku ambazo treni hupungua sana. Saa huandikwa kwa hesabu ya 24.

Migomo ya reli ni desturi ya nchi, na hutangazwa siku kadhaa kabla. Siku za kazi sheria huhifadhi vipindi viwili ambavyo treni za mkoa ni lazima ziende hata kukiwa na mgomo: kuanzia saa kumi na mbili alfajiri hadi saa tatu asubuhi, na kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa tatu usiku. Mgomo ulitukuta mara moja. Aliyekuwa ahame siku hiyo angekaa stesheni na masanduku yake. Sisi tulifua nguo.

Spello ndio mji wa kwanza kutoka Foligno, kituo kimoja tu, takriban kilomita tano. Kutoka stesheni hadi lango la Kirumi liitwalo Porta Consolare ni mwendo wa dakika kumi, na jiwe la mji wote ni la rangi ya waridi hafifu, lililochongwa katika mlima Subasio. Watu wa Spello husifika kwa kutandaza mazulia ya maua barabarani katika sikukuu yao ya mwanzoni mwa kiangazi, na kwa vyungu vya maua milangoni mwaka mzima. Kwa treni mji huu ni jirani. Kwa magoti uko mbali. Ukishapita lango, barabara hupanda bila kupumzika hadi mwisho. Dada yangu alifika robo yake, akaketi kwenye benchi karibu na lango, akatwambia twende. Tuliporudi tulimkuta amepewa tini mbili na bibi mmoja wa rika lake, na hawakuwa na neno hata moja la kuelewana. Hata hivyo usiku ule sikulala vizuri. Nilikuwa nikihesabu miji iliyobaki na miinuko yake.

Sultani na Francis

Kesho yake tulikwenda Assisi, mwendo wa takriban robo saa. Stesheni iko katika kitongoji cha Santa Maria degli Angeli, na mji uko juu, zaidi ya kilomita nne. Basi la mji, Laini C, hungoja nje ya stesheni na hupanda mpaka kwenye malango, na hapo nikajifunza jambo lililoniokoa siku zote zilizofuata: katika nchi hii usiulize mji uko mbali kiasi gani na stesheni, uliza kuna nini baina yake na stesheni. Basi lililo karibu na mlango wa treni ni bora kuliko kilomita moja ya kupanda kwa miguu. Na kukiwa na basi linalofika lango la juu, liteni hilo, mshuke mkitembea, maana kushuka hata mzee huweza akishikwa mkono.

Ulimwengu huenda Assisi kwa ajili ya Francis, mtoto wa mfanyabiashara wa vitambaa aliyeacha mali ya babake akachagua ufukara, na aliyefariki mwaka 1226. Mimi nilikwenda kwa ajili ya Sultani. Mnamo mwaka 1219, majeshi ya Msalaba yakiwa yameuzingira mji wa Dumyat kwenye mlango wa Nile, Francis alivuka mstari wa vita bila silaha ili akutane na al-Malik al-Kamil, Sultani wa Misri, mtoto wa ndugu yake Salahuddin. Alitaka kumlingania Sultani dini yake. Vita vilikuwa vikali na damu imemwagika kwa wingi pande zote mbili. Mtu aliyetoka kambi ya adui kwa kazi kama hiyo angeweza kuuawa na asiulizwe mtu. Sultani alimsikiliza, akamkirimu, akamrudisha kwao salama. Hakuna aliyebadili dini ya mwenzake. Waliomwandika Francis ni Wakristo, na hata wao hawakuweza kumnyima Sultani sifa ya upole.

Katika kanisa la juu, lililoanza kujengwa mwaka 1228, ziko picha 28 za ukutani zinazosimulia maisha ya Francis, na mojawapo ni ya mkutano huo. Sultani ameketi juu ya kiti chake. Mbele yake pana moto, na Francis yu tayari kuuingia ili athibitishe dini yake, huku wanazuoni wa Kiislamu wakijipenyeza kando kuondoka. Kisa hicho cha moto kimetoka katika kitabu cha Bonaventure, kilichoandikwa zaidi ya miaka 40 baada ya mkutano. Mtu aliyelelewa madrasa hawezi kusimama mbele ya picha hiyo bila kujiuliza habari ya isnadi. Kupokewa kwa heshima kumesimuliwa na waliokuwa karibu na tukio. Wanazuoni kukimbia moto kumekuja baadaye, na tena kumekuja kwa rangi nzuri sana. Hutunzwa pia kanisani hapo pembe ya ndovu ya kupuliza, inayonasibishwa na zawadi ya Sultani kwa mgeni wake. Nilipomweleza dada yangu, aliyekuwa amebaki nje kwenye kivuli, akasema, "Kumbe nao wana siwa." Ndivyo ilivyo, Pate ina yake, na Assisi ina hiyo.

Juu ya kuingia makanisani, hasa yenye picha, wanazuoni wamekhitalifiana, na msomaji amuulize anayemwamini kwa elimu yake. Mimi niliingia kutazama tarehe, mke wangu na dada hawakuingia. Walinzi wa mlangoni huwazuia waliovaa nguo za kuacha mabega wazi, na siku ile walikuwa wakiwarudisha wageni wa Kizungu mmoja baada ya mwingine. Mama watoto, katika buibui lake, alikaa pembeni akiwatazama kwa huruma ambayo sikuiamini kuwa ni huruma tupu.

Dari ya kanisa hilo iliporomoka tarehe 26 Septemba 1997 kwa tetemeko la ardhi, ikawaua watu wanne waliokuwa ndani wakikagua athari za tetemeko la usiku wake. Vipande vya michoro viliokotwa kwenye kifusi na kurudishwa kimoja kimoja. Nyufa katika kuta za nyumba za watu huonekana bado katika miji mingi ya eneo hili, na vyuma vilivyopitishwa toka ukuta mmoja hadi wa pili si mapambo.

Perugia ndio mji mkubwa wa jimbo na ndio nilioutilia mashaka zaidi, kwa kuwa stesheni yake ya Fontivegge iko chini sana na mji uko juu sana. Nashangaa sasa kwamba ndio uliokuwa mwepesi kuliko yote. Kando ya stesheni hupita Minimetrò, vibehewa vidogo visivyo na dereva vinavyovutwa kwa waya, vilivyoanza kazi mwaka 2008. Kimoja kikiondoka chengine kinakuja, na hukwea mpaka Pincetto, ubavuni mwa mji wa kale. Binti yetu alimpokea shangazi yake hapo juu, na shangazi mtu hakuwa amepanda ngazi hata moja.

Na liko jengine la ajabu zaidi. Mnamo mwaka 1540 Papa Paulo wa Tatu aliitoza Perugia kodi ya chumvi, mji ukaasi, naye akaushinda. Ili usiasi tena akajenga ngome kubwa, Rocca Paolina, juu ya mtaa wa ukoo wa Baglioni uliokuwa ukitawala. Nyumba, minara na vichochoro havikuondolewa vyote. Vilifunikwa kwa matao, ngome ikakaa juu yao. Watu wa Perugia waliibomoa ngome hiyo baada ya utawala wa Mapapa kuondoka mwaka 1860, na mtaa wa chini ukaonekana tena. Tangu mwaka 1983 ngazi za umeme hupita katikati yake. Umesimama, hutembei, nazo zinakuchukua kupitia mitaa ya watu waliozikwa nyumba zao wangali hai: milango, madirisha yanayotazama giza, njia panda isiyo na mbingu. Dada yangu alizishuka, akazipanda, akataka kuzishuka tena. Alitaka kujua wenye nyumba walihamia wapi. Sikuwa na jibu, na mlinzi tuliyemuuliza naye hakuwa nalo.

Wenyewe husimulia kwamba ni kwa ajili ya kodi ile ndiyo mkate wa Umbria haupikwi kwa chumvi hadi leo. Sijui kama kisa kina nguvu, ila mkate hauna chumvi kweli, na mtu wa pwani asiyeonywa hudhani mwokaji amesahau. Hapo ndipo jiko linapoingia. Umbria ni nchi ya nguruwe. Jina la mji wake wa Norcia ndilo lililozaa neno la Kiitalia la duka la nyama ya nguruwe, norcineria. Mafuta ya nguruwe, wanayoyaita strutto, huweza kuwamo katika mkate au keki isiyotiliwa shaka, na mvinyo huweza kuwamo katika mchuzi. Ni vyema kujifunza kuuliza maneno hayo mawili kabla ya maneno ya salamu. Kwa bahati njema wahamiaji kutoka Morocco na Albania wameishi huko miaka mingi, na tulielekezwa bucha la halali siku ya pili tu. Mke wangu alipika chakula cha jioni nyumbani, na mchana tulikula dengu, jibini na matunda. Dengu ndogo za Castelluccio, zinazolimwa juu milimani, ni za kubeba sandukuni.

Trevi tuliutazama dirishani. Ni mji uliojipanga juu ya kilima kama piramidi, na chini yake mizaituni imeteremka mpaka bondeni kama jeshi lililopewa amri ya kusimama. Mabasi ya kupanda ni machache, na hatukuulazimisha. Oktoba ni mwanzo wa mavuno: nyavu hutandazwa chini ya miti, na tulipita tukitazama mti uliotajwa katika Kitabu ukichumwa kwa mikono. Spoleto, mbele kidogo, umejitengenezea ngazi za umeme na mikanda ya kutembezea watu chini ya ardhi, kutoka maegesho ya magari hadi karibu na ngome ya juu, iliyokuwa gereza hadi miaka ya 1980. Basi la mji hukufikisha kutoka stesheni, ambapo limesimama sanamu jeusi la chuma la Alexander Calder la mwaka 1962, ambalo dada yangu alilitazama kwa muda akasema limesahauliwa na mafundi.

Ziara ya mwisho ilikuwa Orvieto, nayo inahitaji kubadilisha treni Orte. Kwa reli ni zaidi ya kilomita 100, basi hiyo ndiyo ziara pekee iliyokuwa safari kwa sheria. Njia ya barabara ni fupi zaidi. Lakini kwa Mashafi anayefuata njia ndefu kwa lengo la haki, kama wepesi, si kwa kutafuta rukhsa tu, anaruhusiwa kupunguza. Mwenye magoti kama ya dada yangu lengo lake halihitaji shahidi. Mkabala na stesheni ya Orvieto kuna behewa livutwalo kwa waya kupandisha jabali; la kwanza lilifunguliwa mwaka 1888 likiendeshwa kwa uzito wa maji, na la sasa la umeme ni la mwaka 1990. Juu yake pana bustani, na humo tulisali Adhuhuri na Alasiri kwa kupunguza na kukusanya.

Hatua chache kutoka bustanini kuna kisima cha San Patrizio. Papa Klementi wa Saba, aliyekimbilia Orvieto baada ya Roma kutekwa mwaka 1527, aliogopa mji kuzingirwa ukakosa maji, akaamuru kichimbwe. Kina chake ni zaidi ya mita 50. Fundi wake, Antonio da Sangallo, alikizungushia njia mbili za mviringo zisizokutana, kila moja ngazi 248, ili punda anayeshuka mtupu asimzuie anayepanda na maji. Sisi watu wa visima tulikistahi. Dada yangu alichungulia kutoka mlangoni, akauliza idadi ya ngazi, akatwambia kwamba punda walikuwa na subira.

Gubbio hatukufika, stesheni yake iko Fossato di Vico, na basi lake linataka siku nzima peke yake. Montefalco na Bevagna, zilizo karibu kabisa na Foligno, hazina treni. Ama kurudi, mwenye kuelekea uwanja wa ndege wa Fiumicino si lazima aburure masanduku katika stesheni kuu ya Roma: treni ya FL1 huanzia kaskazini, Orte ikiwemo, ikapita Tiburtina hadi uwanjani. Husimama vituo vingi mno. Dada yangu alilala tangu Orte, na ilibidi tumwamshe.